Faili lako limefungwa kwako, limefunguliwa kwa jirani

Makamanda, wengi mliniomba niweke hapa maneno niliyosema Jumamosi kwenye darasa letu la vijana kule Mbagala. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nimepunguza utani, nimeongeza miaka na majina ya sheria ambayo nilikuwa nayo kwenye karatasi lakini muda ukanibana. Mliokuwepo mtanivumilia.

*

Najua jua ni kali na turubai letu lina matundu, kwa hiyo sitawachelewesha.

Kwanza tuwekane sawa. Mimi nasoma sheria, bado sijawa wakili. Ninachosema leo ni somo, siyo ushauri wa kesi ya mtu. Mwenye kesi nitamwambia mwishoni pa kwenda.

Nianze na dada yangu. Amenipa ruhusa nisimulie, ila nisitaje jina lake wala hospitali, na nitaheshimu.

Miaka miwili na miezi mitano iliyopita tulimpeleka kujifungua. Bajaji, usiku, begi lenye kanga, glovu, pamba na nyembe, kama kawaida yetu. Alipokelewa saa 5. Saa 7 akaambiwa bado. Baada ya hapo sisi tuliokuwa nje ya geti hatukusikia kitu. Saa 11 alfajiri mtoto akatoka, wa kiume, mzito vizuri tu. Hakulia.

Mama yetu aliuliza swali moja: ilikuwaje? Akajibiwa kwamba ni mipango ya Mungu. Sisi ni watu wa dini, na Mungu hatubishani naye. Lakini mama hakuwa ameuliza habari za Mungu. Aliuliza habari za kati ya saa 7 na saa 11.

Shemeji akaomba karatasi za matibabu. Akaambiwa faili ni mali ya hospitali, halitoki.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili. Wiki tatu baadaye, mama mkwe wa dada yuko bombani anasubiri maji. Jirani mmoja akampa pole, kisha akamwambia: "Lakini mama, si mara yake ya kwanza huyo kupoteza." Kweli, dada alishapoteza mimba kabla hajaolewa. Mumewe hakujua. Mama yangu hakujua. Mimi sikujua. Alimwambia mtu mmoja tu, muuguzi wa kliniki, kwa sababu aliulizwa ni mimba ya ngapi na akaona kusema kweli ni usalama wa mtoto. Ikaandikwa kwenye faili. Na kutoka kwenye faili ikatembea mpaka bombani.

Dada alirudi nyumbani kwetu, akakaa miezi minne.

Makamanda, hapo ndipo penye somo la leo. Faili lile lile ambalo baba wa mtoto alikatazwa kuliona, jirani alishajua kilichomo. Linafungwa kwa mwenye haki nalo, linafunguliwa kwa asiyehusika. Mimi nasema sheria yetu, ikisomwa vizuri, inataka kinyume chake kabisa. Na kama chama kinachotaka kuongoza nchi, hili tunapaswa kulibeba.

Anayedai ndiye anayethibitisha

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ya mwaka 1967, ina kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua hata usingizini: anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Kwa namba za toleo nililosomea mimi, ni kifungu cha 110. Ukisema mkunga hakuja kukupima usiku kucha, wewe ndiye uthibitishe kwamba hakuja.

Utathibitishaje? Dada alikuwa kwenye uchungu, hakuwa anaangalia saa. Sisi tulikuwa nje. Waliokuwa ndani ni wafanyakazi wenyewe, na wajawazito wengine ambao mpaka leo hatuwajui kwa majina.

Kinachobaki ni karatasi. Na kwenye wodi ya wazazi kuna karatasi moja muhimu kuliko zote, inaitwa patografu. Ni chati ya uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa kuandikwa humo kila nusu saa. Njia inavyofunguka inapimwa kila baada ya saa 4. Kuna mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Uchungu ukivuka mistari ile, mtu anatakiwa aamue: upasuaji, rufaa, au kumwita daktari.

Chati hiyo haimpendelei mtu. Inamtetea mkunga aliyefanya kazi yake usiku ule, na inamsema ambaye hakufanya. Wauguzi wenyewe hufundishwa msemo huu: kisichoandikwa hakijafanyika.

Kwa hiyo mtu anaposema "faili halitoki", tusimsikie kama karani anayelinda kabati. Kisheria amekunyang'anya ushahidi wako, halafu kesho mahakamani utaambiwa hukuthibitisha.

Je, sheria haina huruma hapa? Inayo, kidogo. Sheria hiyohiyo ya Ushahidi inasema kwamba kwenye kesi za madai, jambo lililo ndani ya ujuzi wa mtu fulani hasa, mzigo wa kulithibitisha uko kwake. Nani anajua kilichotokea wodini saa 9 usiku? Siyo mgonjwa aliyekuwa anapiga kelele za uchungu. Ni mwenye wodi.

Kuna pia kanuni ya zamani ya Kiingereza inayosema jambo lenyewe linajieleza. Sisi Tanzania hatuna sheria ya Bunge inayoshughulikia uzembe wa kitabibu peke yake. Tunategemea sheria ya mapokeo kutoka Uingereza, ile iliyopokelewa hapa kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Maamuzi yao ya baadaye hayafungi mahakama zetu, ila yanasikilizwa. Mwaka 1951, kwenye kesi ya Cassidy dhidi ya Wizara ya Afya, mtu aliingia hospitali na vidole viwili vilivyokakamaa, akatoka na vinne. Jaji Denning akasema, kwa maneno yangu mimi: mgonjwa ameshafanya sehemu yake, sasa hospitali ituambie hili limetokeaje bila uzembe.

Na sisi tuna la kwetu lisilosahaulika. Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza. Mmoja alitakiwa kupasuliwa goti, akapasuliwa kichwa. Mwingine alitakiwa kupasuliwa kichwa, akapasuliwa mguu. Huyo wa kichwa alifariki baadaye. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo, lakini waulizeni wazazi, nchi nzima ilizungumza. Kesi kama hiyo haihitaji bingwa kutoka nje aje kueleza kwamba kuna kitu hakikwenda sawa. Lakini angalieni: ilionekana kwa sababu kidonda kilikuwa mahali ambapo kila mtu angekiona. Mtoto wa dada yangu hakuwa na kidonda. Ushahidi wake wote uko kwenye chati.

Simu yako

Hapa najua mnasubiri. "Sasa dada, si tungerekodi tu?"

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki. Ujumbe, picha, video, hata zile picha za skrini za WhatsApp, havikataliwi kwa sababu tu vimetoka kwenye simu. Ila mahakama itauliza: ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, nani ameushika, umeguswa? Kwa hiyo kama una picha ya karatasi yako mwenyewe, usiikate, usiichore mishale, usibaki na ile iliyosambazwa kwenye kundi huku umefuta ya asili. Tunza simu. Andika tarehe na saa. Andika nani alikuwepo.

Halafu kuna upande mwingine. Mwaka 2013 kule Bungoma, Kenya, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya serikali kwa kukosa kitanda, akatukanwa na kupigwa akiwa katika hali ile. Kuna mtu alirekodi kwa simu. Video ikazunguka nchi nzima. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilimpa yule mama ushindi na fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Bila video, ingekuwa neno lake dhidi ya neno la wauguzi. Lakini fikiria pia: nchi nzima ilimwona mama huyo katika saa ambayo hakuna anayetaka kuonwa.

Video moja inaweza kukupa haki na kukuvua nguo kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nawaomba: ushahidi unapelekwa kwa wakili, kwa baraza la taaluma, kwa Tume. Haupelekwi TikTok. Na ukirekodi wodini, mgonjwa wa kitanda cha pembeni hajakupa ruhusa. Huyo naye ni dada wa mtu.

Nani alipe?

Sasa tuseme faili limepatikana na chati ni tupu. Nani anawajibika?

Wengi wetu hasira inamwendea muuguzi. Namwelewa mwenye hasira, mimi mwenyewe ilinichukua mwaka. Lakini nauliza: usiku ule walikuwa wakunga wangapi, na wajawazito wangapi? Kama mkunga mmoja ana wanawake tisa kwenye uchungu, hiyo nusu saa ya kusikiliza moyo wa kila mtoto anaitoa wapi? Sheria inalijua hilo. Mwajiri anawajibika kwa uzembe wa mfanyakazi wake akiwa kazini. Na mwenye hospitali ana wajibu wake mwenyewe wa kuweka watu na vifaa.

Uganda wameshapita njia hii. Mwaka 2011 mama mmoja alifariki katika hospitali ya Nakaseke kwa uchungu uliokwama, daktari wa zamu hakupatikana. Familia pamoja na shirika la CEHURD walishitaki, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaibebesha halmashauri ya wilaya lawama, fidia shilingi milioni 35 za Uganda. Mahakama haikuishia kwa daktari mtu binafsi. Iliifikia halmashauri.

Hapa kwetu, ukitaka kushitaki zahanati ya halmashauri au hospitali ya serikali, jiandae kwa mambo matatu. Moja, notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Mbili, tangu marekebisho ya 2020, hata ukiishitaki halmashauri lazima umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Ukisahau, kesi inaharibika. Tatu, kesi hiyo inafunguliwa Mahakama Kuu. Mama wa Chamazi anayeuza vitumbua hawezi kwenda mahakama ya mwanzo ya karibu yake. Na juu ya yote, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3.

Piga hesabu. Miaka 3 ya ukomo, toa siku 90 za notisi, toa miezi uliyotumia kulia, toa miezi uliyozungushwa "njoo kesho" ukitafuta faili. Dada yangu amebakiwa na miezi saba. Mlango haujafungwa kwa kufuli. Umefungwa kwa kalenda.

Kituo binafsi hakina notisi hiyo ya siku 90. Maana yake aliyetibiwa kwa pesa nyingi ana njia fupi ya haki, na aliyetibiwa kwenye kituo cha umma, ambaye ndiye sisi, ana njia ndefu. Hilo siyo bahati mbaya. Liliandikwa na kupitishwa.

Faragha siyo ya wakubwa tu

Nirudi bombani, kwa yule jirani.

Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa faragha yake. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ya kipimo ni siri. Na tangu 1 Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Humo, taarifa za afya ni taarifa nyeti, zina ulinzi wa juu zaidi. Humohumo, mwenye taarifa ana haki ya kuomba aone taarifa zake zilizoko kwa mtu mwingine. Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024, na malalamiko inapokea.

Sheria hiyo si kamili. Mei 2024 Mahakama Kuu, kwenye shauri lililofunguliwa na mwanasheria Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vimeandikwa kwa maneno ya jumla mno, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Kijana mmoja kasoma sheria, kaona tundu, kaenda mahakamani. Tunaweza.

Lakini faragha kwetu tumeizoea kama kitu cha watu wenye geti. Sisi wa uswahilini tumefundishwa kuishi bila nayo. Dirisha la mapokezi, unaulizwa "unaumwa nini?" kwa sauti mbele ya watu arobaini. Benchi la CTC linajulikana, ukikaa pale mtaa mzima umeshajibiwa. Muuguzi anapita koridoni ameita jina na ugonjwa kwa pamoja.

Na dada zangu mliosoma sekondari miaka yangu, mnakumbuka. Tunapangwa mstari, kila mtu na kikopo chake cha mkojo. Shule yangu siitaji. Hakuna aliyetuuliza kama tumekubali. Hakuna aliyetuambia majibu yatakaa wapi. Tulijua kitu kimoja: ukikutwa na mimba, kile kikopo ndicho ushahidi, na mwalimu mkuu ndiye hakimu. Msichana aliyekuwa anakaa nyuma yangu kidato cha tatu hakurudi darasani. Yule aliyempa mimba hakupimwa kitu.

Hiyo haikuwa afya. Kipimo cha afya kiligeuzwa kielelezo cha kesi dhidi ya mwenye mwili. Novemba 2021 serikali ilitoa waraka wa kuruhusu wasichana waliopata mimba warudi shule, na ninaipongeza kwa hilo. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu wa Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, kwenye malalamiko yaliyopelekwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzao wa Center for Reproductive Rights, ilisema Tanzania ilivunja haki za wasichana hao, faragha ikiwemo, na ikataka upimaji wa lazima ukomeshwe. Waraka unaweza kufutwa na waraka mwingine. Tunataka sheria.

Namba na majina

Kuna mtu atasema: wewe unataka faili wazi au faili siri? Chagua moja.

Jibu langu ni kwamba inategemea nani anasoma. Kwangu mimi mwenye mwili, wazi. Kwa jirani, kwa mwajiri, kwa polisi asiye na amri ya mahakama, siri. Na kwa umma, tupeni namba bila majina.

Serikali yetu imekuwa ikifanya kinyume. Mnakumbuka korona. Mei 2020 namba zetu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, hazikusogea kwa zaidi ya mwaka mzima, kana kwamba ugonjwa ulipanda basi la Ubungo ukaondoka. Namba za jumla, ambazo hazimdhuru mtu, zilifungwa. Mkojo wa mtoto wa shule ndio ulikuwa wazi.

Nitakuwa mkweli, maana sisi hatujengi chama kwa uongo. Kuna mafanikio. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015-16. Wakunga wetu wana sehemu kubwa katika hilo. Lakini kila mmoja wa hao 104 ana faili, na familia yake nayo imeuliza ilikuwaje.

Hospitalini kuna vikao vya kujadili vifo vya mama na mtoto, na msingi wake, hapa na kwingine duniani, ni kutotaja jina na kutolaumu, ili mkunga aseme kweli na kituo kijifunze. Naukubali msingi huo. Ukimtishia mtu kwa kila anachosema, ataacha kusema, na chati zitajazwa asubuhi kwa kalamu moja. Lakini kikao cha kujifunza kisiwe pazia. Wanayozungumza wataalamu yabaki ya kwao. Karatasi za mgonjwa ni za mgonjwa.

Tunataka nini

Napendekeza vijana tupeleke mambo manne kwenye ilani ya chama.

Kwanza, kila mgonjwa anayeruhusiwa, au ndugu wa marehemu, apewe nakala ya kumbukumbu za matibabu bila kuomba, na kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, basi kiwe lugha ya karatasi ya mgonjwa pia. Vituo vingi vya umma vinatumia mfumo wa GoTHOMIS. Faili likiwa kwenye kompyuta, nakala ni kubonyeza tu.

Pili, madai ya uzembe wa kitabibu yaondolewe kwenye notisi ya siku 90, na ukomo uanze kuhesabiwa siku mgonjwa alipopewa faili lake.

Tatu, kila kituo kitangaze idadi ya wakunga kwa zamu na idadi ya vifo, bila majina. Hapo tutajua uzembe ni wa mtu au wa bajeti.

Nne, upimaji wowote wa lazima shuleni upigwe marufuku kwa sheria ya Bunge.

Na wakati hatujashika dola, kuna ya kufanya wiki hii. Ukitaka faili lako, andika barua, itaje Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo nao ni ushahidi. Ukikataliwa, nenda kwenye Tume. Malalamiko ya taaluma yanapelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa kesi, tafuta msaada wa kisheria mapema. Kuna sheria yake tangu 2017, na yapo mashirika yanayosaidia bure hapa Dar es Salaam. Usisubiri mwaka wa tatu.

Najua mnataka kujua ya dada. Tuliandika barua hiyo. Safari ya kwanza hawakuipokea. Ya pili walitaka barua ya mjumbe. Ya nne wakagonga mhuri. Baada ya muda wakatupa nakala ya kurasa sita.

Patografu imo. Imeandikwa vizuri mpaka saa 7 usiku. Baada ya hapo ni miraba mitupu mpaka saa 11.

Sijui bado mahakama itasema nini, na simhukumu mkunga yule kabla hajasikilizwa. Labda alikuwa peke yake na wanawake tisa. Kama ni hivyo, nataka aje aseme hivyo, na aliyempanga peke yake aje ajibu. Lakini mama yangu, aliposhika karatasi ile na kuoneshwa ile miraba, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe swali langu lilikuwa la kweli."

Notisi tumeipeleka Jumatatu iliyopita.

Maswali?